Boksi la Picha Mbaya

Chumba cha nyuma,
nyumbani kwa mwanangu,
Jumapili, baada ya mvua.

Mdogo wangu mpendwa, Brashi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute umekaa dirishani na miwani yako puani, siyo juu ya nywele huku ukiitafuta nyumba nzima. Habari za magoti? Habari za lile sikio linalosikia na lile lililogoma? Mpwa wangu na watoto wake hawajambo? Huku sisi ni wazima. Mgongo wangu hulalamika kila asubuhi, lakini ukishapewa chai ya moto hunyamaza. Mwanangu anakusalimu, na mkewe anakusalimu zaidi, na ukimaliza kusoma barua hii utajua kwa nini zaidi.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikaikunja, nikaiweka kabatini, nikaifuata tena kabatini. Kabla haijafika, mpwa wangu alikuwa amenipigia simu akaniambia, mjomba, mama ameigeuza picha ya bibi, sasa inatazama ukuta. Kila akiirudisha, wewe unaigeuza tena, na ukiulizwa unasema mwanamke huyo humjui. Sikufichi, niliogopa. Nilidhani akili imeanza kukutoroka. Lakini barua ilipofika nikaona mwandiko umenyooka kama zamani na hoja zimepangwa kwa namna ileile ya kunikera, nikapumua. Akili iko mahali pake. Kinachokuuma ni kitu kingine.

Umeniandikia kwamba ukifumba macho kumtafuta mama, anayekuja ni yule wa ukutani, mwenye ngozi laini kama ganda la yai, asiye na kovu wala mkunjo, anayetazama upande ambao si wake. Umesema ni wewe uliyemfuta mama, kidogo kidogo, kwa mkono wako, ukidhani unampamba. Na umesema linalokusumbua kuliko yote ni sauti yako mwenyewe, unayoisikia ukiwa jikoni, ukiwa bafuni, ikimwambia mama, "Nimeshafuta, mama," na hukumbuki tena ulikuwa unafuta nini.

Ninaijibu sauti hiyo. Ila unanijua, mimi siwezi kufika mlangoni bila kwanza kuizunguka nyumba. Nivumilie.

Naanza na mkamwana wangu. Kazi yake ni kupima macho ya watu, na kutwa nzima huwauliza wanaona herufi gani. Unaweza kufikiri mtu wa kazi hiyo angependa vitu vinavyoonekana sawasawa. Wapi! Kila Jumapili huenda kwenye soko la vitu vya mitumba na kurudi na kamera za kidijitali za zamani, zile za mwanzo kabisa, za plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, ambazo mimi na wewe tungeona aibu hata kumpa mtoto achezee. Yeye na wenzake hukutana sebuleni hapa, wanapigana picha, flashi inawapausha mapaji ya nyuso kama waliomwagiwa unga, tarehe ya rangi ya chungwa inakaa pembeni, nao wanashangilia. Nilimwuliza, mwanangu, simu mnayo inayopiga picha mpaka vinyweleo vikahesabika, mnatafuta nini kwenye hivi vibovu? Akanijibu kwa adabu zake zote kwamba simu inapiga kama shahidi mahakamani, lakini kamera hizi zinapiga kama mtu anayekumbuka. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikakuta kicheko kimekwama.

Siku moja akaniita nije nione kitu. Alikuwa ameokota kompyuta kuukuu yenye mgongo mnene, akaifufua, na ndani yake kulikuwa na programu yetu, Brashi! Ileile ya kurekebishia picha. Boksi la kijivu upande wa kushoto lenye vifaa vyake vidogo: kitanzi cha kukatia, kifutio, pipa la kumwaga rangi, na ule muhuri wako wa kunakili ngozi ya hapa na kuipeleka pale. Hata saa ya mchanga ilikuwepo, inajigeuza na kujigeuza wakati mashine inafikiri. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Mkamwana akaniuliza, baba, unaumwa? Nikamwambia siumwi, nimerudi kazini.

Nikamweleza yote, maana alitaka kujua. Kwamba tulikuwa na chumba kimoja chenye pazia la bluu, mimi mbele ya pazia na wewe nyuma yake. Kwamba wateja walituita Flashi na Brashi mpaka majina yetu ya kuzaliwa wakayasahau. Kwamba kabla ya kompyuta wewe ulikuwa unarekebisha kwa penseli kwenye negativu, umeinamia kioo chenye taa, umeuma ulimi. Na mimi nilikuwa na ile kamera ya filamu ya mfuko wa ngozi, ambayo ukikizungusha kitasa chake inatoa sauti ya mtu anayetafuna karoti. Nikamweleza siku mashine ilipoingia, jinsi mama alivyoishonea kitambaa cha kuifunika isishikwe na vumbi wala jicho la watu, na jinsi ulivyokuwa unatoa kile kigololi tumboni mwa kipanya na kukisafisha kwa ukucha, kama unamtoa samaki matumbo.

Alichocheka zaidi ni habari ya rangi ya kucha. Programu yetu iliruhusu kurudi nyuma hatua moja tu. Ukikosea mara mbili, basi, kosa limekuwa sura ya mtu. Kwa hiyo ulichukua ile chupa yako nyekundu, ambayo mama alikukataza kuipaka vidoleni akisema hajalea binti wa kuonyesha makucha, ukaweka nukta juu ya kitufe cha kurudishia ili usikipapase. Ukaona utamu. Ukaweka nukta kwenye mkasi wako, kwenye kikombe chako, kwenye mguu wa kiti chako. Nyumba nzima ilijua kwamba penye nukta nyekundu hapaguswi, pana mwenyewe.

Nikamsimulia na yule fundi cherehani, unamkumbuka? Aliyekuja na picha imekunjwa mpaka sikio moja limekatika. Ukamwambia aende akanywe chai. Ukanakili sikio lililobaki ukalibandika upande wa pili, ukasahau kuligeuza. Alivyorudi, aliitazama picha muda mrefu, akasema inapendeza sana, ila haelewi kwa nini anajiona kama anaondoka. Mama ndiye aliyegundua. Akasema mtu mwenye masikio mawili ya kushoto ukimwita atazunguka mpaka achoke.

Sasa nafika kwa mama mwenyewe.

Hili mkamwana wangu hakulielewa mpaka nilipomchorea. Picha ya baba ilikuwa ya zamani, anatazama upande wa kulia wa fremu. Ya mama tulipiga sisi, naye kwa bahati mbaya alitazama kulekule. Tukazitundika pamoja, baba kushoto, mama kulia. Mama akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akasema baba yenu miaka yote hakuwahi kuona mgongo wangu tukiwa tumenuniana, nyinyi mmempa mgongo akiwa kaburini. Tukajaribu kubadilishana misumari. Ikawa baba ndiye aliyempa mama mgongo, akakasirika mara mbili. Basi tukazirudisha zilipokuwa, nawe ukaigeuza picha ya mama kwenye kompyuta, kulia kukawa kushoto. Na ulipokuwa umeishika, ukalainisha kovu la juu ya nyusi. Ukalainisha mikunjo. Diski zilikuwa chache na kila moja ilibeba picha za kuhesabu, kwa hiyo tulihifadhi mpya juu ya ya zamani kama tulivyofanya kwa kila mtu. Hakuna aliyefanya ubaya. Mama alivyoona wanatazamana alisema, haya, sasa waacheni waongee, akatutoa chumbani.

Lakini ndiyo asili ya ugomvi wetu, wangu na wako, wa tangu tulipotawanyika. Wewe kovu liko kushoto, mimi kulia. Picha haiwezi kuamua, kwa sababu kovu halimo, na picha yenyewe imepinduliwa, na wewe mwenyewe hukumbuki kama ulilainisha kwanza ndipo ukageuza. Tumegombana kwa simu mpaka mpwa wangu akatunyang'anya. Nilidhani tunataniana. Sikujua kwamba kila tulivyobishana, wewe ulikuwa unazidi kumpoteza.

Nije kwenye boksi, na hapa nakuruhusu unicheke kama kawaida yako. Asubuhi ile tulipotakiwa kuondoka, ulinituma nirudi studio nichukue boksi la diski lililo juu ya rafu. Yalikuwepo mawili yanayofanana kama mapacha. Moja la kazi za wateja. La pili tulilolibatiza Mbaya, la picha zilizoharibika zinazongoja kufutwa na diski zilizogoma kufanya kazi. Nikabeba Mbaya. Tuligundua tukiwa tumeshavuka mpaka, tumekaa juu ya mizigo, na ndipo uliposema maneno ambayo umeyarudia kwenye kila sherehe ya familia: kwamba watu wanakimbia na vyeti, wengine wanakimbia na kuku, kaka yangu amekimbia na takataka. Watu wasiotufahamu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, na siku zile kicheko kilikuwa adimu.

Kwa nini sikulitupa boksi hilo nchi zote nilizopita, sijui. Nadhani ni kwa sababu lilikuwa kitu pekee chenye harufu ya chumba chetu.

Basi, Jumapili moja mkamwana akarudi kutoka sokoni amekumbatia kamera kubwa kama tofali, amechanganyikiwa. Akasema, baba, hii hata mimi sijui inakula nini. Nilipoiona niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ndugu wa ile kamera yetu ya kwanza ya kidijitali, ile inayomeza diski ubavuni. Nikamwambia inakula diski, na diski ninazo chini ya kitanda. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake ana tembo mfukoni.

Tulikaa mezani, mimi na yeye, mchana mzima. Nyingi zimekufa, Brashi. Zina ukungu ndani, kamera inazikoromea kidogo kisha inazitema. Lakini chache zilifunguka, na ungekuwepo! Bwana harusi aliyefumba macho. Dari. Dari tena. Kidole chako gumba, kikubwa kama mkate. Mguu wa yule polisi aliyekataa kukaa. Mkamwana alikuwa anashangilia kila moja kama goli. Alisema hizi ndizo picha ambazo wao wanazitafuta na hawajui kuzipiga, maana wanajitahidi mno kukosea.

Karibu na chini ya boksi kulikuwa na diski isiyo na lebo. Niliikumbuka. Nilipata kuiweka kwenye kamera studio, kamera ikaandika maneno kwenye kioo chake na kukataa kupiga, nikasema hii imekufa, nikaitupa kwenye Mbaya. Nikamwambia mkamwana asihangaike nayo. Hakunisikia, au alijifanya ni wewe wa simuni. Akaisukuma ndani. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena.

Akatokea mama.

Siyo yule wa ukutani. Mama. Uso wake umejaa kioo chote, yuko karibu mno, kona moja imezibwa na ncha ya mtandio wake kama wingu jeupe. Mdomo uko wazi, anaongea. Jicho moja amelibana. Mikunjo yote ipo, ile ya kicheko na ile aliyosema ameipata kwa sababu yangu. Jasho la jikoni liko puani. Na kovu liko mahali pake, linameta kwenye flashi kama uzi wa fedha.

Nikaikumbuka siku hiyo yote kwa pamoja. Ndiyo siku kamera ilipofika. Uliisimamisha kwenye miguu yake mitatu ukawa unaijaribu, na mama akaingia na sahani zetu za mchana. Akaangalia picha ya kwanza kwenye kile kioo cha nyuma, akasema kamera yenu ina uchafu, vitu vipya mnavipokea bila kuvifuta. Akatema mate kidogo kwenye ncha ya mtandio na kuifuata lenzi, kama alivyotufuata sisi nyuso zetu utotoni, nawe ukabonyeza. Halafu akajiona. Akapiga kelele. Akasema, futa hiyo, nimekuwa kama mtu anayefokea kuku! Nami nilikuwa mlangoni nimeshika sahani, nikakusikia kwa masikio yangu haya ukimjibu, kwa sauti tamu kabisa ya binti mtiifu:

"Nimeshafuta, mama."

Basi sauti yako ni hiyo, mdogo wangu. Huko ndiko inakotoka. Lakini hujafika mwisho wa habari, na mimi mwenyewe nilikuwa sijafika.

Nilipoitoa diski ili niibusu, mzee mimi, mkamwana aliushika mkono wangu akaigeuza diski kwenye mwanga. Akauliza, baba, hii nyekundu ni damu? Unakumbuka kile kitundu cha pembeni ya diski, chenye kipande cha plastiki cha kusukuma? Kikizibwa, diski inakubali kuandikwa na kufutwa. Kikiachwa wazi, hakuna mashine wala mtu anayeweza kufuta kilichomo. Kitundu hicho kilikuwa wazi. Na juu ya kile kipande cha kusukuma, ili kisiweze kusogezwa tena na mtu yeyote, palikuwa na nukta ya rangi ya kucha, imekauka, imeng'ang'ania.

Diski haikuwa mbovu. Kamera ilikuwa inaniambia imefungwa, nami sikuelewa. Ulimwambia mama umefuta, hapohapo ukamfungia mahali ambapo asingeweza kufutwa na mimi, wala na mama mwenyewe, wala na wewe siku utakaposahau. Umekaa miaka yote hii ukijihukumu kwa neno ulilolisema, kumbe mkono wako ulifanya kinyume chake. Nimeona niliandike hili kwa kalamu na siyo kwa simu, kwa sababu simuni ungesema "eeh?" nami ningelia.

Sasa ugomvi wetu. Kovu liko juu ya jicho lake la kushoto. Umeshinda. Lakini usianze kuruka, magoti hayo. Nimeketi na picha hii nikajiuliza, ilikuwaje mimi nikaapa ni kulia? Halafu nikaelewa. Mimi maisha yangu yote nilisimama mbele ya mama, na kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Wewe ulikaa nyuma yake kitandani ukimsuka nywele, na kushoto kwake kulikuwa kushoto kwako. Hakuna aliyesahau. Kila mmoja alimkumbuka kutoka mahali alipokuwa amesimama.

Ndani ya bahasha hii utaikuta, tumeitoa kwenye karatasi kubwa. Mkamwana alijitolea kuiondoa ile ncha ya mtandio, anasema ni kazi ya dakika mbili siku hizi. Nilimkatalia kwa ukali mpaka akacheka, akasema amepima tu kama baba bado yuko macho. Nakuomba na wewe uikatae mikono yako. Itundike kama ilivyo. Yule wa ukutani naye mrudishe atazame watu. Hana kosa, alivaa vizuri kwa ajili ya baba. Sasa watakuwa na mtu wa kuwafokea.

Diski yenyewe siitumi kwa posta. Nitaileta. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mwanangu ameshughulikia safari, daktari amekubali kwa kununanuna, na mkamwana atanisindikiza kwa sababu anataka kumwona shangazi aliyemdanganya mama yake. Tutakuja na ile kamera tofali. Nataka nikukalishe dirishani kwako nikupige picha, na mikunjo yako, na miwani juu ya nywele. Na kwa kuwa nakujua utataka kuilainisha, natafuta tangu wiki iliyopita duka linalouza rangi ya kucha nyekundu. Muuzaji wa kwanza aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya kufungia mtu.

Mwambie mpwa wangu aandae kitanda kisicho laini sana. Wabusu wajukuu. Lisalimie lile sikio linalosikia, na lile jingine liambie nakuja kuongea nalo karibu.

Ni mimi kaka yako, mbeba takataka,

Flashi